Kamba wadogo wa mapambo: kuwafuga na kuwazalisha nyumbani katika joto la Unguja

Mama mkubwa alipoliona tangi langu kwa mara ya kwanza aliishusha miwani puani, akachungulia, kisha akauliza: "Hawa duvi unawanenepesha mpaka lini?" Nikamjibu, "Hawaliwi hawa, mama, wanatazamwa tu." Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Siku hizi akija hata salamu hazijesha ameshavuta kigoda mbele ya kioo, na ole wake atakayemzibia.

Kamba ninaowaeleza hapa ni wale wekundu, urefu wao sentimita 2 hadi 3, ambao wafugaji duniani kote wanawaita cheri. Jina lao la kitaalamu ni Neocaridina davidi. Asili yao ni vijito vya maji matamu vya Uchina na Taiwan. Huko porini rangi yao ni ya kahawia iliyopauka. Wekundu, njano na buluu umetokana na wafugaji kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi.

Maelekezo mengi ya ufugaji huu yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na karibu yote huanza na hita ya kupasha maji. Hapa kwetu hita ndiyo kitu cha kwanza cha kutonunua. Kazi yetu sisi ni kupunguza joto, na kuizuia mikono isiguseguse tangi kila saa. Nimepoteza kamba wengi kwa sababu hizo mbili kuliko kwa maradhi yoyote.

Kwa nini cheri na si wengine

Utakutana na kamba wanaoitwa Amano, wanaosifiwa kwa kula ukungu wa kijani. Kuwatazama ni raha, lakini watoto wao huanguliwa wakiwa viluwiluwi wanaohitaji maji ya chumvi ili wakue, kisha warudi kwenye maji matamu. Hiyo ni kazi ya maabara. Kuna na wale wenye mistari myeupe na mekundu, wa ukoo wa Caridina. Hao wanataka maji laini yenye uchachu kidogo, na joto lisilozidi digrii 24 hivi. Kwa Februari ya Unguja, sahau.

Na usiende kuchota kamba wa mtoni ukawachanganya humo. Baadhi yao wana makoleo marefu ya mbele, na wakikua kidogo tu hula kila wanachokimudu, wenzao wakiwemo.

Cheri hana makuu. Mtoto wake hutoka kwenye yai akiwa kamba kamili, mdogo wa milimita 2 hivi, na anajitafutia chakula tangu siku hiyo. Hii ndiyo sababu mtu asiye na uzoefu anaweza kumzalisha.

Tangi, na mahali pa kuliweka

Tangi la sentimita 45 kwa 30 kwa 30 linachukua lita 40 hivi, na ndilo ninalolipendekeza. Usianze na kichupa cha lita 5 kwa kudhani kidogo ni rahisi. Maji machache hupata joto haraka na kuchafuka haraka. Fundi vioo yeyote atakukatia vioo vya milimita 5 na kuvigandisha, ila simama naye kwenye suala la silikoni: iwe ya kawaida, isiwe ile iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, ambayo watu huipaka bafuni. Dawa ile huua kamba. Acha ikauke wiki nzima, jaza maji, liache tangi siku mbili juu ya gazeti, na kila asubuhi uangalie kama gazeti limelowa.

Mahali pa kuliweka pana uzito kuliko tangi lenyewe. Lisikae dirishani wala ukutani ambako jua la alasiri linapiga kwa nje. Nyumba za Mji Mkongwe, kwa kuta zake nene za mawe na chokaa, zina vyumba vya ndani ambavyo mchana wa kaskazi bado vina ubaridi. Anayekaa huko ana bahati. Sisi wa nyumba za matofali na bati tutafute chumba cha kati kilichowekwa dari, na tangi likae chini karibu na sakafu. Ukiweka kipimajoto kimoja chini na kingine juu ya kabati, utajionea tofauti. Likijaa, tangi la lita 40 pamoja na mchanga lina kilo zisizopungua 50, kwa hiyo ile meza ya plastiki iache kwa kazi nyengine.

Chini tandaza mchanga wa sentimita 3. Wa ufukweni usiutumie kwa sababu ya chumvi na vipande vya makombe. Chukua kokoto ndogo au mchanga wa ujenzi, uoshe kwenye beseni mpaka maji yatoke meupe, na ujue utamwaga beseni nyingi. Mchanga mweusi, kama utaupata, huwafanya kamba wakoze rangi. Juu ya mchanga mweupe hupauka.

Chujio liwe la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Machujio ya kuvuta kwa mota huwameza watoto, na hutagundua kwa sababu haibaki alama. Sponji haimdhuru mtoto, tena hushika uchafu mwembamba ambao kamba hukaa juu yake wakiula mchana kutwa.

Mimea ni lazima. Ule mmea laini unaofanana na kuvumwani, unaouzwa kwa jina la mosi ya Java, ndio kitalu cha watoto. Ukiokota mimea kwenye madimbwi ya shamba, iloweke kwenye ndoo peke yake kwa wiki mbili au tatu na uichunguze. Kiluwiluwi cha kereng'ende kimoja kikiingia na mmea hukaa kimejificha na kumaliza kamba mmoja mmoja, nawe ukidhani wanakufa kwa maradhi.

Maji

Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya ardhini hupita humo yakabeba chokaa. Ndiyo maana birika zetu hugandia ule ukoko mweupe. Kwa cheri hiyo ni heri, maana gamba lake linajengwa kwa chokaa. Wenzetu wa nchi nyengine hununua madini ya kutia majini, sisi shida yetu mara nyingi ni kuzidi.

Nunua kile kipimo kidogo kama kalamu kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini. Cheri hustawi kati ya 150 na 300. Maji ya bomba yakisoma 400 au 500, changanya na maji ya mvua mpaka yashuke. Maji ya mvua yakinge kwa beseni safi uwanjani, mbali na paa, maana bati kuukuu hutoa kutu na zinki. Wakati wa masika jaza madumu ya kutosha, yafunike, yaweke kivulini. Yatakufaa hadi kaskazi ijayo. Maji ya visima vya karibu na pwani, hasa upande wa mashariki na kusini, yaonje kwanza kwa ulimi. Ukisikia chumvichumvi, tafuta mengine.

Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 hadi 48 ili klorini iondoke. Msimu wa maradhi ya kuharisha, maji yanapotiwa dawa nyingi zaidi, mimi huyaacha siku tatu na kuyapuliza kwa pampu ya hewa.

Halafu subiri. Hapa ndipo wengi huanguka. Tangi jipya halina vijidudu wale wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitraiti, kisha nitraiti, nayo ni sumu, kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Vijidudu hao huchukua wiki 4 hadi 6 kukaa sawa. Washa chujio, tia chembe ya chakula cha samaki kila siku mbili kana kwamba kuna wa kula, usiweke kamba. Ukiwa na dawa za kupimia, ngoja amonia na nitraiti zisome sifuri kwa wiki nzima. Usipokuwa nazo, ngoja miezi miwili kamili. Utaona vioo vimeshika utelezi na ukungu wa kijani, na konokono wadogo waliokuja na mimea wanazaana. Utelezi huo usiufute. Ndio chakula cha kwanza cha watoto.

Kuwaleta nyumbani

Wengi tunawapata kutoka Dar es Salaam. Anza na kumi hadi kumi na watano, wadogo wa sentimita moja na nusu, kwa sababu wadogo huzoea maji mageni vizuri kuliko wakubwa, na katika kundi hilo hukosi majike na madume. Kabla ya safari uliza bandarini utaratibu wa kuingiza viumbe hai kisiwani, ili usije ukajieleza gatini huku mfuko unapata moto. Mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, uwekwe ndani ya kisanduku cha kutunzia baridi, bila barafu kuugusa.

Ukifika usiwamwage. Watie pamoja na maji yao kwenye bakuli, kisha chukua mpira wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kupunguzia, mpya na usiotumika. Uvute maji kutoka kwenye tangi na yadondoke bakulini tone mbili kwa sekunde. Saa moja na nusu inatosha. Bakuli likijaa mara tatu ya maji ya mwanzo, wachote kwa kijiwavu uwaweke tangini. Maji ya safari yamwage nje. Siku mbili za kwanza watajificha na wengine watabadilika kuwa weupe. Waache.

Joto

Cheri huzaa vizuri kati ya digrii 22 na 26. Hadi 28 wanavumilia, huku wakizaa upesi na kuishi maisha mafupi. Kuanzia 30 kwenda juu, siku nyingi mfululizo, majike huangusha mayai na vifo huanza. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, maji ya ndani hukaa yenyewe kwenye 25 au 26, na ndio msimu wa kuanzia. Tangi litayarishwe Aprili, kamba waingie Juni. Anayeanza Januari anajitafutia msiba.

Kaskazi ikishika, tumia ilimu ya mtungi. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu yanavuja jasho, na jasho likipeperuka huondoka na joto. Elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji, na tangi lifunikwe kwa wavu badala ya kioo. Utashusha digrii 2 hadi 4. Siku za masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, feni haifanyi miujiza hiyo, lakini siku hizo nazo mawingu husaidia. Maji yatapungua kila siku. Jazia maji ya mvua tu, kwa sababu kinachopeperuka ni maji na chokaa inabaki. Ukijazia ya bomba mwezi mzima, kile kipimo chako kitapanda bila wewe kujua kwa nini.

Chupa za barafu zinatajwa sana. Nilijaribu mwaka wa kwanza: nikashusha maji kutoka 31 hadi 25 kwa saa moja, nikajiona bingwa. Asubuhi nikaokota tisa. Kushuka ghafla huwasukuma kamba wavue gamba kabla ya wakati. Kama ni lazima, kichupa kidogo kimoja, na isizidi digrii 2 kwa siku.

Umeme nao. Tuliokuwepo Unguja Disemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na tukakaa gizani mpaka Machi 2010, hatuhitaji kuhadithiwa. Pampu ya hewa inayotumia betri iwekwe kabatini. Tangi lenye mimea mingi na kamba wachache litamudu saa kadhaa bila pampu. Lililosongamana halitamudu, hasa usiku ambapo mimea nayo inavuta hewa.

Dawa za mbu

Hili nimelitenga kwa sababu sijaliona likielezwa, na hapa petu ndilo muuaji wa haraka kuliko yote. Dawa za kuulia wadudu za jamii ya pairethroidi, zilizomo kwenye makopo ya kupuliza, koili na vyandarua vyenye dawa, huua kamba kwa kiasi kidogo mno. Kamba na mdudu ni ndugu kwa maumbile, kinachomuua mmoja humuua mwenziwe. Kwa hivyo: kipande cha chandarua kikuukuu kisifunike tangi wala kushonewa kijiwavu, hata kama kimefuliwa mara ishirini. Nunua tulle dukani, kile kitambaa cha wavu cha kushonea shela. Chumba chenye tangi kisipuliziwe. Ukitoka kujipaka dawa ya mbu, usiingize mkono. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuitia majini, kwa hiyo hata udi ukifukizwa mimi huzima pampu nusu saa.

Na wakija wapuliziaji wa dawa ya ukoko majumbani kwa ajili ya malaria, usiwakatalie. Afya ya watu ni mbele. Waombe muda, chota kamba kwenye ndoo yenye maji ya tangi, wapeleke kwa jirani pamoja na sponji, tangi lifunike kwa nailoni na kulibandika gundi ya karatasi pande zote. Warudishe baada ya siku kadhaa, baada ya kufungua madirisha na kupangusa kila kitu kilicho karibu.

Shaba pia ni sumu kwao. Dawa nyingi za maradhi ya samaki zina shaba, baadhi ya mbolea za mimea pia. Soma karatasi kabla ya kutia chochote. Majani ya mwarobaini, hata kama babu alitibia nayo kila kitu, yasiingie majini, kwa sababu yana kitu kinachovuruga kuvua gamba.

Chakula

Sasa neema yetu: mkungu, ule mti wa kungu. Wafugaji wa Ulaya hununua majani makavu ya mkungu kwa kuhesabu, nasi tunayafagia kila asubuhi. Okota yaliyoanguka yenyewe na kukauka hadi kahawia, mbali na barabara. Yaoshe, yamwagie maji ya moto, tia moja kwa lita 40. Maji yatakuwa na rangi ya chai hafifu, nayo haidhuru. Jani likilainika kamba hulila taratibu mpaka ibaki mishipa mitupu, na watoto hula utelezi unaoota juu yake. Likiisha tia jengine.

Mbali na hilo, mara tatu kwa wiki inatosha. Kipande cha mung'unye au tango lililomenywa, au jani la mchicha lililochemshwa dakika mbili. Mboga za sokoni huenda zimepigwa dawa, basi menya au oshea maji mengi, na ukipanda mchicha wako kwenye kopo utalala usingizi. Chakula kikibaki baada ya saa tatu, kitoe. Chakula kilichooza hufuatwa na minyoo bapa myeupe inayoteleza kwenye kioo usiku, na hiyo hula watoto wa kamba. Ukiiona, jua unalisha kupita kiasi.

Maji badilisha asilimia 10 kwa wiki, polepole, yawe na joto lilelile. Sponji ikamue ndani ya maji yaliyotoka tangini, usiioshe bombani ukaua vijidudu wako.

Kuzaana

Jike ni mkubwa, mwekundu sana, na tumbo lake limepinda kwa chini kama kikapu. Dume ni mwembamba na amepauka. Jike akifikisha miezi mitatu au minne utaona doa la njano au kijani nyuma ya kichwa, mfano wa tandiko la punda. Hayo ni mayai ambayo bado yapo ndani.

Siku moja utakuta kamba wote wadogo wanaruka huku na huku kama waliopandwa na pepo. Usishituke. Jike amevua gamba, ametoa harufu majini, na madume wanamtafuta. Baada ya hapo mayai huhamia chini ya tumbo, 20 hadi 30 kwa kawaida, naye huyapepea kwa miguu yake bila kupumzika. Lile gamba tupu liache, watalila wapate chokaa. Wageni wangu wote hudhani ni maiti.

Mayai huchukua wiki tatu hadi nne, kutegemea joto. Siku za mwisho utaona nukta mbili nyeusi katika kila yai, ni macho. Usimhamishe jike huyu kwenye chombo chengine, hofu humfanya ayaangushe. Na usiwe na samaki tangini, hata wale gapi wadogo. Samaki yeyote ambaye mdomo wake unamtosha mtoto wa kamba, atamla.

Kutoka hapo kazi yako ni kuwaacha. Watoto hawaonekani wiki ya kwanza, kisha usiku ukimulika kwa tochi utaviona vijinukta vyekundu kwenye mosi. Mara mbili kwa wiki tia unga wa chakula, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Usifyonze uchafu wa chini mwezi huo.

Ukiona kamba ana ukanda mweupe unaomzunguka kati ya kichwa na mwili, ameshindwa kuvua gamba, na mara nyingi hatapona. Mmoja ni ajali. Watatu kwa wiki ni dalili kuwa maji yanabadilika ghafla, au chokaa imezidi au imepungua. Pima kabla ya kutia dawa.

Kuchagua na kuwagawa

Baada ya miezi sita kundi la kumi linaweza kupita mia, na tangi la lita 40 halipendi zaidi ya hapo sana. Waliopauka wahamishie kwenye tangi jengine ili wekundu wazae wekundu. Rangi tofauti usizichanganye: vizazi vichache tu vya nyekundu na buluu pamoja vitakurudishia ile kahawia ya porini. Kila mwaka badilishana kamba watano au sita na mfugaji mwenzio, damu isirudi mle kwa mle.

Wa ziada wasiende mtoni. Huko Ujerumani, nchi ya theluji, kamba hawa wameweka makazi kwenye kijito cha Gillbach, kwa sababu maji ya kituo cha umeme hukipasha moto. Vijito vya Pemba na mto wa Mwera havihitaji kupashwa na mtu, na kamba wa asili waliomo humo hawana pengine pa kwenda. Wape majirani, wauze, wape skuli.

Anayesafirisha kwenda Pemba asiwalishe siku moja kabla, ili wasichafue maji njiani. Kamba kumi kwa mfuko, na ndani utie kipande cha mosi wakishikilie, kwa sababu kamba asiye na cha kushika huogelea mpaka akachoka. Mfuko utie ndani ya mfuko wa pili, uzungushie kanga iliyolowa, uuweke chini kivulini, mbali na injini. Na mpigie simu anayepokea kabla meli haijaondoka, umuulize kama mpira wa dripu anao.